Kona Zilizolika

Katikati ya Agosti, barabara namba 20 katika jimbo la New York huziba magari inapofika vijiji vya Madison na Bouckville. Siku nyingine zote ni barabara ya wakulima: inapanda kilima, inashuka bondeni, mahindi huku, ng'ombe wa maziwa kule. Wiki hiyo mashamba yale yale hufunikwa na mahema meupe, na mamia kwa mamia ya wauzaji wa vitu vya kale hupanga meza zao juu ya majani. Utakuta viti vya kubembea, chupa za maziwa, vibao vya vituo vya mafuta vilivyokufa zamani, hata meno ya bandia. Mpwa wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani na bado akakubali kuniendesha kutoka Syracuse. Alilipia maegesho, akatazama huku na huku, akaguna. "Mjomba, yaani tumelipa kuingia jalalani."

Mimi nilifuata kadi za besiboli tu.

Kwetu mchezo huu haujashika mizizi, ingawa haukosekani. Pale shule ya sekondari Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na Waganda wamefika mbali zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto. Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu, picha ya mchezaji mbele, takwimu zake nyuma. Ilianza kama chambo cha biashara. Kampuni za sigara ziliiweka ndani ya pakiti ili pakiti isipondeke na mvutaji anunue nyingine akitafuta mchezaji ambaye hana. Baadaye chambo kikahamia kwenye chingamu, na wavuvi wakawa wanawinda watoto badala ya baba zao.

Leo vipande hivyo ni mali ya kutisha. Mickey Mantle wa seti ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 aliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kichekesho ni kwamba kadi za mwisho za seti ile, alimokuwemo Mantle, zilidoda madukani. Sy Berger, mtu wa Topps aliyeibuni, alisimulia mwenyewe jinsi mwaka 1960 masalio yalivyopakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki ili ghala lipate nafasi. Mimi nilikuwa na dola 200 kwa safari nzima, viingilio vikiwemo. Mantle apumzike.

Mwenye mfuko mwembamba asipojichagulia jambo moja atarudi nyumbani na boksi la takataka. Langu nililichagua zamani: mchezaji mweusi wa kwanza wa kila timu. Ligi kuu za Marekani ziliwafungia weusi mlango tangu miaka ya 1880. Moses Fleetwood Walker alicheza Toledo mwaka 1884, kisha giza likaingia. Jackie Robinson alivaa jezi ya Brooklyn Aprili 1947, na wasimuliaji wengi wanaishia hapo, kana kwamba mlango ule ulifunguka mara moja ukabaki wazi. Timu zilikuwa 16. Cleveland walimwingiza Larry Doby Julai ileile. Yankees walisubiri hadi 1955. Boston Red Sox, wa mwisho kabisa, walimpanga Pumpsie Green Julai 1959, wakati Robinson alishastaafu na nywele zimeanza mvi.

Robinson ni ghali, na Ernie Banks wa Chicago ana bei yake. Lakini Curt Roberts wa Pittsburgh? Carlos Paula wa Washington? Bob Trice wa Athletics? Bei zao hazipishani sana na za mchezaji yeyote wa kawaida wa miaka ile, maana soko hili linapima mambo mawili, jina na ukali wa kona. Kuwa mtu wa kwanza kuingia chumba ambacho hakuna aliyekutaka humo si kipimo. Naamini soko limekosea, na kwa kuwa mimi ndiye ninayefaidika na kosa hilo, sijawahi kulilalamikia.

Kuna hata nafuu ya ziada. Hank Thompson alikuwa mweusi wa kwanza wa St. Louis Browns mwaka 1947. Wakamwacha baada ya kama mwezi mmoja. Miaka miwili baadaye akaingia New York Giants siku moja na Monte Irvin. Kadi moja ya Thompson inaziba nafasi mbili. Yangu ina doa la chai.

Bouckville unapekua kama mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, asubuhi robota linapofunguliwa: unawahi, unainama, huongei sana, na huonyeshi uso wa furaha ukipata. Meza za kadi hazikuwa nyingi, zimetawanyika kati ya fanicha na vyombo vya udongo. Kila muuzaji ana kabati la kioo lenye kadi zilizofungiwa ndani ya makasha magumu ya plastiki na namba za daraja juu yake. Hilo nililipita. Chini ya meza kuna maboksi marefu ya kadibodi, kadi zimesimama kama faili, dola moja, dola tatu, dola tano. Huko ndiko kwangu.

Nilikuwa na rula, lenzi ndogo ya sonara na tochi ya simu. Rula ni ya kwanza. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 zina upana wa sentimita 6.7 hivi na urefu wa 9.5, kuanzia 1957 zikapungua hadi 6.4 kwa 8.9. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapisha upya seti ya 1952 kwa kipimo kidogo, na kuna watu hadi leo wanauziwa nakala hizo kama za kale. Kabla hujaangalia sura, pima. Kisha lenzi: uchapaji wa miaka ya 1950 unaonyesha vitone vya rangi vilivyopangika, na maandishi meusi yamekolea bila vitone. Nakala iliyopigwa picha kutoka kadi nyingine huwa na vitone hata ndani ya herufi. Mwisho tochi, unaimulika kwa ubavu, uso wa kadi ukiwa usawa wa jicho. Mkunjo uliobanwa ukanyooka hauonekani kwa mwanga wa juu; kwa mwanga wa ubavu unajitokeza kama njia ya mchwa.

Carlos Paula alikuwa kwenye boksi la dola tano. Kadi za 1955 ni za kulala, uso mkubwa upande mmoja, na pembeni mchezaji yuleyule kwa umbo dogo akiwa mchezoni, sahihi yake ya kuchapwa chini. Kona zote nne zilikuwa zimeliwa hadi karatasi imefunguka tabaka kama mkate wa zamani. Mkunjo mmoja ulipita juu ya bega ukakwepa uso. Nyuma, mtu aliandika "2" kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtoto, labda kukumbuka kwamba anazo mbili na hii ni ya kubadilishana. Paula alikuwa Mkuba. Alianza kuchezea Washington Septemba 1954, katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikijinadi duniani kama kinara wa uhuru, miaka saba baada ya Robinson.

Muuzaji, mzee mwenye kofia iliyopauka, aliishika kadi akaigeuza. "Huyu hajaulizwa na mtu tangu nianze kuja hapa," akasema. Nikamwambia natafuta na Curt Roberts wa 1954. Akacheka, akaingia ndani ya gari lake, akatoka na kijitabu cha plastiki. Roberts alikuwemo, kona moja imekatika, sura haina doa. Mzee alijua habari zake: mara yake ya kwanza kushika gongo katika ligi kuu, Aprili 1954, alimpiga Robin Roberts, mmoja wa warushaji wakali wa enzi ile, mpira ukamfikisha kituo cha tatu. Tukasimama hapo kwa muda, jua kali, tukizungumzia mpira mmoja uliopigwa miaka sabini iliyopita. Akataja dola 15 kwa zote mbili. Nikamwambia nimetoka Dar es Salaam. Akafikiri kidogo, akasema 12. Huko kwao "nimetoka mbali" nayo inafanya kazi.

Pumpsie Green nilimpata hema la mwisho, dola 10, kadi ya 1960 yenye tobo la pini juu ya kichwa. Kuna mtoto alimtundika ukutani. Nilijaribu kushusha, mama muuzaji akatikisa kichwa, alijua alichonacho.

Wakati huo mpwa wangu alikuwa ameangukia kitu. Boksi zima la mwaka 1989, pakiti hazijafunguliwa, dola 15. "Hizi mpya kabisa, mjomba! Wewe unanunua zilizochanika!" Huo ndio mtego wa wageni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kila mtu alishaamini kadi ni akiba ya benki, kampuni zikachapisha bila kikomo, na watu wakazihifadhi bila kuzigusa. Ziko nyingi mno, zote safi, na kwa hiyo hazina thamani. Nikamshauri anunue soda.

Jioni tulirudi Syracuse. Mpwa wangu anakaa upande wa kaskazini wa mji, ambako Kiswahili cha Kongo na cha Burundi utakisikia dukani na kituo cha basi, na muhogo haupatikani kwa shida. Nilitaka kuja Syracuse kwa sababu yake, lakini si yeye peke yake. Mji huu ndiko alikoishi Jefferson Burdick, na mkusanyaji maskini asiyemjua Burdick ni kama mwana asiyejua babu yake.

Burdick alizaliwa mwaka 1900 Central Square, mwendo mfupi kaskazini mwa Syracuse. Alianza kukusanya kadi za sigara akiwa mtoto. Alifanya kazi Crouse-Hinds, kiwanda cha vifaa vya umeme kilichojulikana kwa taa za kuongozea magari, akiunganisha sehemu ndogo ndogo kwa mikono ambayo ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa ukiikakamaza mwaka hadi mwaka. Hakuoa. Hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni mpangilio. Mwaka 1939 alichapisha katalogi ya kadi za Marekani, iliyokuja kujulikana kama American Card Catalog, na ndani yake akabuni alama ambazo wafanyabiashara wa mamilioni wanazitumia mpaka leo: T kwa kadi za tumbaku za karne ya 20, N kwa za karne ya 19, E kwa za peremende za mwanzo. Seti mashuhuri kuliko zote, T206 ya mwaka 1909 hadi 1911, inaitwa hivyo kwa sababu mfanyakazi mmoja wa kiwanda aliamua hivyo mezani kwake.

Bei alizoziandika zilikuwa za senti. Kadi za kawaida za T206 zilikuwa za senti chache. Kadi ya Honus Wagner, iliyo adimu, aliipa dola 50. Na hakujali sana besiboli. Alikusanya kila kitu kilichochapwa, kadi za salamu, lebo, matangazo ya sabuni, picha za ndege na za waigizaji. Nampenda kwa hilo.

Tulipita kiwanda kilipo. Hakuna cha kuona, na sikutegemea kukiona. Mpwa wangu alipunguza mwendo, akauliza kama nataka picha, nikasema hapana, akaongeza mwendo.

Cooperstown iko mbele zaidi kwenye barabara ileile namba 20, kisha unakata kusini kwa namba 80 ukiambaa na Ziwa Otsego hadi mjini. Mji ni mdogo na nadhifu kupita kiasi, maua kwenye kila nguzo. Makumbusho ya besiboli yalifunguliwa hapa mwaka 1939 kwa sababu ya hadithi kwamba Abner Doubleday alivumbua mchezo huu kijijini hapo mwaka 1839. Doubleday mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi West Point, na wanahistoria walishaitupa hadithi hiyo, ila mji umeshajengwa juu yake na hakuna atakayeubomoa.

Maduka ya kadi yamepangana Main Street. Bei ni za watalii. Wanajua umefika hapo mara moja katika maisha. Nilinunua moja tu, Elston Howard wa seti ya Bowman ya 1955, dola 18. Seti ile ina wazo la ajabu: kila mchezaji amewekwa ndani ya fremu ya mbao ya televisheni, maana mwaka huo televisheni ndiyo ilikuwa ikiingia sebuleni mwa kila Mmarekani. Mweusi wa kwanza wa Yankees, ndani ya televisheni, rangi ya mbao imepauka. Muuzaji hakupunguza hata senti.

Ndani ya makumbusho, ukumbi wa mabamba ya shaba unapendeza, lakini niliupita haraka baada ya kuwaona Robinson, Irvin, Doby na Minnie Miñoso, naye wa kwanza kwa timu yake. Doby alisubiri hadi 1998 kuingizwa humo. Miñoso hadi 2022, akiwa ameshafariki. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kadi.

Wagner yupo nyuma ya kioo. Kadi ni ndogo kuliko unavyodhani, sentimita 3.7 kwa 6.7, nusu ya kiganja; ilibidi iingie kwenye pakiti ya sigara. Uso mzito, nywele zimegawanywa katikati, nyuma yake rangi ya chungwa. Zimebaki chache duniani kwa kuwa Wagner alikataa picha yake iendelee kutumika. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue sigara kumtafuta, wengine wanasema alitaka kulipwa. Mwenyewe alikuwa mtafunaji wa tumbaku, basi kila mtu na achague.

Maarufu zaidi kati ya Wagner hao haiko Cooperstown. Ilikuwa kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1991 kupima ubora wa kadi kwa alama 1 hadi 10, na kwa miaka mingi kona zake kali zilifanya watu washike vinywa. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameipunguza kingo. Kona zile zilikuwa kali kwa sababu zilikatwa.

Kutoka Syracuse hadi jiji la New York ni basi la saa tano hivi. Mpwa wangu alikuja nami. Alisema anataka kuona jiji, si karatasi. Kwenye mlango wa Metropolitan Museum of Art, mkazi wa jimbo la New York analipa anachotaka. Alitoa kitambulisho, akalipa dola tatu, akanitazama. Mimi nililipa 30.

Burdick alianza kuipa makumbusho hii mali yake mwaka 1947. A. Hyatt Mayor, msimamizi wa idara ya michapo, aliikubali kwa sharti kwamba Burdick aipange mwenyewe. Akaja, mwishowe akahamia jijini, akakaa mezani mwaka baada ya mwaka akipanga vipande zaidi ya 300,000, kadi za besiboli zikizidi 30,000. Alimaliza Januari 1963, akaingia hospitali, akafariki Machi. Zinaonyeshwa chache kwa wakati mmoja, kwa zamu, kwa sababu mwanga unazila. Siku yetu kulikuwa na safu chache kwenye kona ya jengo la sanaa ya Marekani, na walinzi wawili wa kwanza niliowauliza hawakujua ziko wapi.

Jambo lililonifanya nisimame muda mrefu ni gundi. Burdick alibandika nyingi ya kadi zake kwenye kurasa za albamu, kama alivyofanya mkusanyaji yeyote wa zama zake. Kwa kanuni za leo, kadi iliyobanduliwa gundi ikaacha karatasi yake nyuma huambulia alama 1, na hapo mpimaji awe na huruma. Yaani mkusanyiko mashuhuri kuliko yote ya nchi hii, ndani ya jengo lenye picha za Rembrandt, ungepelekwa kwa wapimaji ungerudi na alama za boksi langu la dola tano. Nilimweleza mpwa wangu. Akauliza, "Kwa hiyo hao wenye plastiki wanalipia nini?" Sikuwa na jibu zuri zaidi ya swali lake.

Sasa nafasi zilizo wazi ni mbili. Wengine niliwapata kwa miaka, kwa posta na kwa mizigo ya ndugu wanaorudi likizo. Anayenisumbua ni John Kennedy wa Philadelphia, ambaye mwaka 1957 alicheza mechi tano tu na ambaye sijawahi kumwona kwenye kadi ya wakati ule. Huenda nikaishia kumkata gazetini. Mwingine ni Robinson mwenyewe. Kwake nitakubali tobo la pini, nitakubali mikunjo, jina la mtoto kwa kalamu ya wino, hata gundi na karatasi ya albamu mgongoni. Ila kingo nitazipima kwanza kwa rula, na zikiwa zimepungua hata milimita moja nitamrudishia mwenyewe.